Maswali ya Wasomaji: Tunataka Kuagiza Vipuri vya Gari kwa Pamoja

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu wapenzi wa magari wanaoungana ili waagize vipuri kutoka nje kwa oda moja, badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake. Tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyaweka.

Swali. Ndugu Mhariri, sisi ni wenye magari aina ya Subaru Forester hapa Dar es Salaam, na barabara za mitaani kwetu zimewafanya wengi wetu watamani springi ndefu kidogo na shokapu imara kuliko zile zilizokuja na magari. Muuzaji mmoja wa nje ametuambia kwamba tukichukua seti kumi au zaidi atatupunguzia bei. Watu kumi na wanne wamesema wamo, na wote wamekubaliana kwamba mimi ndiye nikusanye fedha. Nianzie wapi ili jambo hili lisituishie kituo cha polisi? (Msomaji, Tabata)

Jibu. Kusanya namba za chasisi kabla hujapokea shilingi ya mtu yeyote. Orodha ya majina kumi na manne haimsaidii muuzaji kitu, kwa sababu watu wawili wanaosema wana Foresta wanaweza kuwa na magari yasiyoweza kuazimana hata shokapu moja. Toleo la SG, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, na toleo la SH lililolifuata mwishoni mwa 2007, hayafanani nyuma: SG imesimama juu ya shokapu zilizobeba springi na kulishika gurudumu kama zile za mbele, ilhali SH iliwekewa mikono ya juu na ya chini, na shokapu inafanya kazi nyingine kabisa. Ukiagiza kwa kutumia neno "Foresta" pekee, utaletewa mzigo ambao nusu yake utauuza kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kwa hasara.

Halafu kuna shokapu za nyuma zinazojisawazisha, ambazo zimewaponza hata watu wanaoyajua magari yao vizuri. Baadhi ya Foresta zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma ambazo hujijaza zenyewe gari linapotembea na kuliinua pale lilipobeba mzigo, na kwa kuwa zinasaidia kubeba uzito, springi zake zilitengenezwa laini kuliko za gari la kawaida. Shokapu hizo zikichoka, gari huinama nyuma. Mwenye gari la namna hiyo akinunua shokapu za kawaida na kuzifunga pamoja na springi zilezile za zamani, gari litaendelea kuinama, naye atatangaza kwamba kikundi kimemletea bidhaa mbovu. Anatakiwa abadili springi na shokapu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, katika orodha yako weka safu inayouliza jambo hilo, na mwanachama asiyejua jibu lake ampelekee fundi gari, linyanyuliwe, shokapu ya nyuma ipigwe picha, ndipo jina lake liingie.

Jihadhari pia na muuzaji anayetaka namba yenye herufi na tarakimu kumi na saba. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na namba zake za chasisi ni fupi: alama ya modeli kama SG5, kistari, kisha tarakimu sita. Mfumo wa muuzaji wa Ulaya au Australia ukiikataa namba hiyo, mtumie picha ya kibati cha modeli kilicho ndani ya boneti. Kadi ya gari usiitume ikiwa wazi, kwa kuwa ina jina na taarifa za mwenyewe ambazo hazimhusu muuzaji wa springi.

Tukija kwenye fedha, watu wengi hudhani kwamba faida ya kununua pamoja ni punguzo la muuzaji, na kwa sababu hiyo hutumia wiki nzima kumbembeleza apunguze dola tano. Chukua mfano huu wa kufikirika. Seti moja inauzwa dola 400, na kwa oda ya seti kumi inauzwa dola 360. Ukiagiza peke yako kwa meli, tuseme mkusanya mizigo, yaani anayeunganisha mizigo ya watu wengi kwa safari moja, anakutoza dola 150 kwa sababu ana kiwango cha chini ambacho hashuki hata boksi lako likiwa dogo, na wakala wa forodha anataka dola 100. Kabla ya kodi umeshafika dola 650. Mkiwa kumi, usafiri unaweza kushuka hadi dola 60 kwa seti, na wakala akitoza dola 150 kwa mzigo wote, kila mmoja anabeba 15; jumla yake ni dola 435. Kila mwanachama ameokoa dola 215, na katika hizo muuzaji amechangia 40 tu. Zaidi ya hapo, ushuru wa forodha kwa mzigo wa meli hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa ikijumlishwa na usafiri na bima, na VAT, ambayo kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, hukokotolewa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Usafiri ukishuka, kodi nayo hushuka. Kwa maoni yangu, nguvu yako ya kupatana ielekeze kwa msafirishaji na kwa wakala, na muuzaji umpime zaidi kwa uaminifu na kwa usahihi wa bidhaa zake.

Unapopewa bei, uliza bidhaa itakabidhiwa wapi. Bei ya EXW inaishia kwenye mlango wa ghala la muuzaji, na gharama zote za kuitoa hapo ni zenu. FOB inafika hadi mzigo upakiwe melini katika bandari ya kule. CIF inajumlisha usafiri na bima hadi bandari ya huku, lakini haijumlishi kodi, tozo za bandari wala wakala. Nimeona profoma mbili, yaani ankara za awali, zikilinganishwa na watu wazima wenye akili zao kana kwamba zinazungumzia kitu kimoja, wakati moja ilikuwa EXW na nyingine CIF.

Wanachama watangazie bei moja, ambayo ni ya kipuri kilichofika mkononi, na uitangaze kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza na kulipisha bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na hata pasingekuwa na kanuni hizo, mchango wa dola unaleta ugomvi wa kila siku kuhusu kiwango cha kubadilishia. Weka kiwango ambacho kiko juu kidogo ya kile cha benki, kitaje wazi, na useme tangu mwanzo kwamba kitakachobaki kitarudishwa. Kurudisha elfu ishirini kwa kila mtu kunakujengea jina zuri. Kuomba elfu ishirini za nyongeza mzigo ukiwa bandarini kunalibomoa.

Kazi uliyopewa inafanana na ya kijumbe wa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ila katika mchezo fedha huzunguka baina ya watu wanaojuana, na hapa zinakwenda nchi nyingine kwa mtu ambaye hamjawahi kumwona. Ndiyo maana fedha hizo hazifai kukaa kwenye simu yako pamoja na nauli na ada za watoto. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, au angalau tafuteni laini ya simu ya kazi hiyo peke yake, na mtu wa pili, asiye ndugu yako, apewe taarifa ya miamala kila inapofanyika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe liwe rahisi: jina, namba ya chasisi, kiasi kilicholipwa, tarehe, na namba ya muamala. Liwekwe mahali ambapo wanachama wote wanaliona, hata yule ambaye hajalipa.

Watu kumi na wanne waliosema wamo si kumi na wanne watakaolipa, na hilo usilichukulie kama dharau. Ada za shule na misiba haviulizi ratiba ya oda. Weka tarehe ya kufunga, na siku hiyo wahesabiwe waliolipa tu. Wakiwa tisa na muuzaji anataka kumi, mna njia tatu: kumwomba muuzaji akubali tisa, na mara nyingi hukubali kwa kuwa hataki kupoteza tisa kwa sababu ya mmoja, kugawana tofauti ya bei, au kurudishiana fedha zote ndani ya siku mlizoziandika. Njia ambayo si njia ni kuongeza muda bila mwisho huku fedha za watu zimekaa. Aliyelipa akabadili mawazo kabla ya tarehe ya kufunga arudishiwe zote. Akibadili baada ya oda kulipiwa, atafute mtu wa kununua nafasi yake, nanyi mtamsaidia kumtafuta. Mambo hayo yaandikeni katika ukurasa mmoja na kila mmoja autie saini. Sheria ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna nakala.

Siku ya kumlipa muuzaji, jina la akaunti lifanane na jina lililo kwenye profoma. Kampuni inayokuomba utume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi, au inayokuandikia ghafla kwamba "akaunti yetu imebadilika", usiilipe mpaka uwe umepiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, isiwe ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo mpya. Wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji wa kweli na kusubiri siku ya malipo. Muuzaji akikubali malipo ya kadi, au malipo ya awali kabla na salio baada ya kuona picha za mzigo ulioandaliwa, mnakuwa salama zaidi hata kama makato ya benki yataongezeka kidogo.

Mzigo ukifika, maboksi yafunguliwe mbele ya watu watatu huku simu ikirekodi. Katika magari mengi ya aina hii, shokapu ya mbele kulia si ya mbele kushoto, na za nyuma huweza kuwa hivyohivyo, kwa hiyo seti moja inaweza kuwa na namba nne tofauti zilizoandikwa kwenye maboksi na kwenye kibandiko cha shokapu yenyewe. Mahali ambapo watu kumi wanachukua maboksi yanayofanana rangi, ni rahisi sana mmoja aende nyumbani na za kulia mbili na mwenzake na za kushoto mbili, na kosa hilo litagundulika fundi akiwa ameshafungua gari. Panga seti kamili chini, zisomeni namba moja moja kwa sauti, kisha andika jina la mwenyewe juu ya boksi kwa wino usiofutika. Na uwakumbushe kwamba gari likiinuliwa ni lazima lipelekwe kupimwa pembe za magurudumu, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja, nao watalaumu springi.

Swali. Mhariri, pole na kazi. Mimi ni mama mwenye Suzuki Jimny, naishi Arusha. Mwaka jana nilitoa malipo ya awali kwa kijana aliyekuwa akikusanya watu wa kuagiza bampa za chuma na springi. Alisema tukifika watu wanane ataagiza. Mpaka sasa anasema tumefika sita, na nikidai fedha yangu anasema malipo ya awali hayarudishwi. Je, ana haki?

Jibu. Mama, inategemea mlikubaliana nini, lakini kwa maelezo haya msimamo wake ni dhaifu. Malipo ya awali yasiyorudishwa yana maana pale ambapo mpokeaji ametekeleza sehemu yake, kwa mfano ameshalipa kiwandani, na kujitoa kwako kutamtia hasara. Hapa oda haijawekwa. Kitu mlichokubaliana, yaani kuagiza watu wakitimia, hakijatokea, na mtu hawezi kushika fedha yako kwa ahadi ambayo haina tarehe.

Mwandikie ujumbe mmoja tu, wa heshima na usio na matusi, ukitaja kiasi ulicholipa, tarehe, namba ya muamala, na siku ambayo unataka uwe umerudishiwa. Siku kumi na nne zinatosha. Ujumbe huo ndio utakaokuwa msingi wa hatua zote zinazofuata. Wakati huohuo zungumza na hao wengine watano, kwani mtu anayemjibu mmoja mmoja kwa ukali huwa mpole akidaiwa na sita kwa pamoja. Akikaa kimya, kiasi kama hicho kinaweza kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo kwa njia ya madai, na hulazimiki kuwa na wakili. Watu wengi hukimbilia polisi kwanza. Polisi wana nafasi yao iwapo kulikuwa na udanganyifu, kwa mfano kama jina la muuzaji alilolitaja halipo kabisa au kama amewachukua watu fedha kwa bampa ileile mara mbili, lakini deni la kawaida watakuambia ni la madai.

Jambo moja nakuomba ulichunguze kabla ya kukasirika zaidi: muulize fedha hizo ziko wapi kwa sasa, na akuonyeshe salio. Akionyesha, huenda ni mtu mzito wa kuamua tu, nanyi sita mnaweza kumwambia aagize kwa bei ya sita. Asipoonyesha, jibu unalo.

Swali. Sisi ni vijana wa Mombasa. Baina yetu kuna Impreza, Forester, Mark X na Fielder. Twataka kuagiza rimu za inchi 17 kutoka Dubai, zote za muundo mmoja ili tupate bei ya jumla. Duka linasema rimu hizo "zaingia magari yote ya nati tano". Ni kweli?

Jibu. Si kweli, na duka linalosema hivyo msilipe senti. Nati tano ni idadi; kinachoamua ni kipenyo cha duara ambalo nati hizo zimepangwa. Impreza za kawaida na Forester za matoleo ya SG, SH na SJ hutumia tano kwa milimita 100. Impreza WRX STI tangu toleo la mwaka 2005 hutumia tano kwa 114.3, na Forester mpya zilizotoka tangu 2018 nazo zimehamia huko. Mark X ni 114.3. Fielder zipo za nati nne na zipo za nati tano, kwa hiyo mwenye Fielder ahesabu zake mwenyewe kabla ya kusema lolote. Tofauti ya milimita 14.3 hailazimishwi kwa nyundo, na fundi atakayewaambia kwamba atatanua matundu anawatafutia ajali ya Barabara ya Mombasa kwenda Malindi.

Hata rimu zikikubaliana duara, tundu la katikati linaweza kutofautiana. La Subaru ni milimita 56.1, la Mark X ni 60.1, na rimu nyingi za dukani hutobolewa tundu kubwa zaidi ili ziuzwe kwa kila mtu, kisha pengo huzibwa kwa pete ya plastiki au alumini. Pete hizo ziagizwe pamoja na rimu, kila mtu kwa kipimo cha gari lake, vinginevyo usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu na mtazunguka kwa mafundi wa kubalansi bila kupona. Nati nazo si moja: zote zina unene wa milimita 12, lakini meno ya Subaru yana nafasi ya 1.25 na ya Toyota 1.5. Nati ya mmoja huanza kuingia kwenye stadi, yaani boliti ya gurudumu, ya mwenzake kisha hukwama, na anayeendelea kukaza huharibu stadi.

Hii haina maana kwamba muache kuungana. Chagueni muundo unaotengenezwa kwa duara zote mbili, muweke oda mbili za bidhaa katika duka moja, na safari moja ya mzigo. Rimu za inchi 17 ndizo hasa zinazofaa kusafirishwa pamoja, kwa sababu hewa iliyo ndani ya boksi mnailipia. Boksi la sentimita 50 kwa 50 kwa 25 lina robo ya robo ya mita ya ujazo, hivyo seti ya rimu nne ni robo mita, na magari manne yanajaza mita moja ya ujazo kamili ambayo wasafirishaji wa meli hutumia kupanga bei. Kwa ndege, boksi hilohilo huhesabiwa kwa kugawanya sentimita zake za ujazo kwa 6,000, na linatoka kama kilo 10 na nusu hata kama rimu yenyewe ina kilo nane.

Ombeni picha ya upande wa ndani wa rimu, mahali palipochongwa kipimo, namba ya ET (inayoonyesha rimu itakaa ndani au nje kiasi gani) na alama za ubora kama JWL na VIA za Japani. Alama inaweza kughushiwa, ni kweli, lakini rimu isiyo na alama yoyote imeshajieleza. Kwa upande wa kodi, Kenya VAT yake ni asilimia 16, na kuna ushuru na tozo nyingine za kuingiza mzigo ambazo hubadilishwa bajeti zinapopita. Muulizeni wakala wenu awape hesabu ya maandishi wiki mnayoagiza, msitumie hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi.

Swali. Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, nafanya kazi Sharjah. Jamaa zangu wa Unguja na Dar wananitaka niwe mtu wao wa kununua na kutuma vipuri. Nikubali?

Jibu. Waalaykum salaam. Ukiwa na nafasi ya kufika dukani mwenyewe, wewe ni hazina kwa kikundi kuliko punguzo lolote, kwa sababu unaweza kuligusa boksi kabla halijalipiwa. Vipuri bandia vya majina makubwa vipo kwa wingi, na picha ya simu haionyeshi kila kitu: uchapaji uliofifia kwenye boksi, namba ya kipuri isiyolingana na iliyo kwenye kibandiko, kulehemu kulikochafuka, springi ambayo rangi yake inabanduka kwa kucha. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine usiione kuwa bahati.

Tangu Januari 2018 Falme za Kiarabu zinatoza VAT ya asilimia 5. Bidhaa zinazosafirishwa nje zinaweza kutotozwa, lakini ni pale ambapo duka linayaandika mauzo hayo kuwa ya nje na kupata uthibitisho wa forodha kwamba mzigo umetoka. Ukinunua kaunta kama mkazi, utalipa. Kwa oda ya watu kumi na zaidi inafaa kulizungumza hilo na duka mapema. Ankara iandikwe thamani halisi. Watakuja watakaokushauri uandikishe bei ndogo ili kodi ipungue. Forodha ikiikataa thamani hiyo, mzigo hukwama huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku, na jina lililo kwenye nyaraka ni la mpokeaji aliyekuamini.

Mzigo wa Unguja na wa Dar utenganishe tangu hukohuko uliko. Mzigo uliolipiwa kodi Zanzibar unaweza kudaiwa tofauti ya kodi unapovushwa kwenda Bara, na jamaa wa Dar watadhani umewapunja.

Usitangulize fedha zako. Mtu aliyeko ughaibuni hudhaniwa ana nazo daima, na kipuri kilichokwisha kununuliwa hakina haraka ya kulipiwa.

Swali. Anayeratibu oda anaruhusiwa kuweka faida? Wenzangu wamenuna waliposikia. (Dodoma)

Jibu. Anaruhusiwa, mradi aiseme. Kufuatilia wakala, kupiga simu usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, kushinda bandarini na kugawa maboksi ni kazi, na wanaonuna waulizwe nani kati yao yuko tayari kuifanya bure. Kiasi kinachoeleweka kwa kila seti, kilichoandikwa kama posho ya mratibu, ni bora kuliko mtu anayejiita wa kujitolea huku amejificha ndani ya kiwango cha dola. Lakini ukiwa na mazoea ya kuagiza na kuuza kwa faida mara kwa mara, TRA itakuona kuwa mfanyabiashara, na itakuwa sahihi: jisajili, toa risiti.

Swali. Tuliagiza shokapu tisa kwa pamoja, na yangu ya mbele imeanza kuvuja mafuta mwezi wa kwanza. Mratibu anasema si kazi yake. (Morogoro)

Jibu. Yeye si kiwanda, kwa hiyo hawajibiki kukupa nyingine kutoka mfukoni. Anachowajibika nacho ni kukupa ankara na kupeleka madai yako kwa muuzaji, kwa kuwa oda ilikuwa kwa jina lake na muuzaji hakujui wewe. Piga picha ya mvujo, ya namba iliyo kwenye shokapu, ya kilomita zilizo kwenye dashibodi, na ya mpira wa kuzuia vumbi na kizuizi chake, kwa sababu jambo la kwanza watakalouliza ni kama fundi alivirudisha vya zamani vilivyochanika. Muuzaji akikubali kutuma nyingine, gharama ya usafiri wa moja peke yake inaweza kuizidi bei ya shokapu yenyewe. Mwombeni aiweke kwenye oda inayofuata ya kikundi, au akurudishie fedha ununue ya namba hiyohiyo hapa nchini. Ile inayovuja usiitupe wala usimwachie fundi mpaka muuzaji ajibu kwa maandishi.